Jembe Linajua pa Kuruka

Mwaka niliokabidhiwa jembe langu mwenyewe, nilipalilia kipande cha mtama cha bibi yangu, upande wa Ilongero, nikakitakatisha mpaka kikang'aa. Halikubaki jani lisilo la mtama. Nikaita watu waje waone. Bibi alisimama mpakani, mikono kiunoni, akaufuata mstari mmoja mmoja kwa macho, kisha akainama kuokota mche niliokuwa nimeupindua mizizi juu. Ulikuwa mlenda.

"Mume wangu," akaniambia, "shamba lako safi kama uwanja wa shule. Jioni utakula huo usafi."

Siku hiyo ndipo nilipojifunza kwamba mwanamke wa kwetu anapopalilia hatoi tu magugu. Anachagua mboga. Jembe linashuka, linafika kwenye mche fulani, linaruka, linashuka tena mbele. Mkono unafanya hivyo huku mdomo unaendelea na hadithi za harusi ya juzi. Mgeni akipita atasema huyu mama hajui kulima, mbona ameacha majani? Majani hayo ndiyo bustani yenyewe. Haina uzio wala tuta, na aliyeipanda ni upepo na mvua za mwaka jana.

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima kwa kawaida hupata milimita 600 hadi 800. Anayetegemea kumwagilia mboga kwa ndoo atachoka kabla mboga haijachoka. Ndiyo maana inayopendwa ni ile inayojua kuota yenyewe mvua ya kwanza ikigusa ardhi, wiki kadhaa kabla mtama na uwele havijafikiria kuchanua.

Tuanze na mlenda, maana ukisema Singida mtu wa Dar es Salaam atakutajia kuku wa kienyeji, alizeti na mlenda. Jina hilo ni moja, lakini linabeba mimea zaidi ya mmoja. Upo wenye jani pana kiasi, kingo zake zina meno kama msumeno, na ukiligeuza unaona nyuzi mbili nyembamba zimechomoza chini karibu na kikonyo, kama masharubu ya kambare. Mmea huohuo Wamisri wanaupika na kuuita mulukhiya, Waluhya wa Kenya wanauita murere, na huko Bengal wanauvuna kwa ajili ya ganda la shina lake, linalotoa nyuzi za magunia ya juti. Bibi yangu alikuwa na gunia la juti la zamani alilokaushia mlenda, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hao wawili ni ndugu.

Kisha upo mlenda wa jamii ya ufuta: una vinyweleo laini, na maua yake ni kama kengele ya rangi ya waridi iliyofifia. Huu unapenda kichanga. Ukiuchuma mkono unateleza kabla hata haujafika jikoni. Bibi aliutofautisha na ule wa kwanza kwa matumizi: wa meno ni wa kupika leo, wa kengele ni wa kukausha. Wengine watakubishia, na hapo utakuwa umeanzisha mjadala wa kufika usiku.

Kwa nini mlenda? Ugali wa mtama au uwele ni mzito, una chembe zinazokwaruza. Mlenda unauteremsha. Unapikwa kwa maji na magadi kidogo, nyanya zikiwepo, na karanga zilizotwangwa nyumba ikiwa na neema. Magadi yanalainisha jani haraka na kuhifadhi rangi yake ya kijani, ingawa wataalamu wa lishe hawayapendi kwa sababu yanaharibu sehemu ya vitamini. Bibi aliweka kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Akizidisha mtu, alisema, mboga inakuwa sabuni.

Mgagani una tabia nyingine kabisa. Huu hauoti popote. Unataka samadi, na ukiuona umesimama umejazana mahali, jua kwamba hapo palikuwa na zizi. Wanyaturu wa kwetu ni wafugaji na wakulima kwa pamoja, na tangu zamani wamerutubisha mashamba yao kwa samadi ya ng'ombe. Kwa hiyo mboga hii imefuata mifugo kama kivuli. Agizo la serikali la Novemba 1973 lilipotaka watu wote wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa mwaka 1976, familia yetu nayo iliacha nyumba na zizi. Bibi alisimulia kwamba miaka mingi baadaye wanawake walikuwa wakirudi kwenye yale mahame, mvua ya kwanza tu, kuchuma mgagani. Kuta za tembe zilikuwa zimeyeyuka, ila zizi lilikuwa bado linalisha watu.

Mgagani ni mchungu, na uchungu huo ndio wanaoutaka watu wazima. Huupunguza tu kwa kumwaga maji ya kwanza, kisha humalizia kwa maziwa au karanga. Upo wenye shina la kijani na wenye shina la zambarau. Kwetu wa zambarau unasifiwa, na wa kijani unaachiwa watoto. Kinachohitaji akili zaidi ni mbegu. Ukizivuna leo na kuzipanda kesho hazioti, au zinaota chache kwa unyonge. Zinahitaji kulala miezi kadhaa. Anayenunua mbegu mpya na kulalamika kwamba ameuziwa mbovu pengine ameziamsha mapema tu. Bibi alizitia kwenye kibuyu kidogo na kukitundika jikoni, juu ya moshi, ambapo wadudu hawakai. Na mmea ukianza kuchanua alikata vichwa vya maua kwa kucha, ili majani yaendelee kutoka, isipokuwa miche mitatu minne aliyoifunga uzi mwekundu. Hiyo ilikuwa ya mbegu, na mtoto aliyeigusa alikuwa na kesi.

Karibu na mlango ndipo penye mimea ya harufu. Kivumbasi kinaota kando ya njia ya kwenda chooni, na jioni unavunja tawi unalipitisha chumbani kufukuza mbu, au unalichemsha mtu akizibwa pua. Mchaichai una ajabu yake: hapa kwetu hautoi mbegu. Unapasua shina na mizizi yake, unampa jirani, naye anampa shemeji yake. Ukifikiria sana, chai ya kijiji kizima inatoka kwenye mmea mmoja uliokatwakatwa kwa miaka, na kumnyima mtu mchaichai ni kumwambia hadharani kwamba mmegombana.

Juu ya paa tambarare la tembe ndipo mlenda ulipoanikwa, pamoja na majani ya kunde na ya maboga. Siku hizi nyumba ni za mabati, na bati la saa sita linaunguza jani badala ya kulikausha, kwa hiyo kina mama wanatandika turubai chini ya mti. Unga wa mlenda unauzwa sokoni kwa kopo, na mabasi ya Dar hayakosi mfuko wake chini ya kiti.

Tengeru, nje kidogo ya Arusha, Kituo cha Dunia cha Mboga kinakusanya na kuboresha mbegu za mboga zetu za asili. Mchicha wa Madiira na mnavu wa Nduruma vimetoka huko. Nafurahi. Lakini kinachonitia wasiwasi ni kinyunyizio cha mgongoni. Dawa ya magugu haina mkono wa bibi, haijui kuruka. Shamba la alizeti lililopigwa dawa ni safi kama lile langu la utotoni, na mwenye shamba anaingia mjini kununua fungu la mchicha.

Mwezi Mei uliopita nilipita kwa shangazi. Alinipasulia mchaichai, akauviringisha kwenye gazeti lenye maji, kisha akafungua pindo la kanga na kunimiminia mbegu nyeusi kiganjani, ndogo kama baruti.

"Za zambarau hizi, baba. Usizipande sasa."

"Mpaka lini, shangazi?"

Akatazama juu, kwenye anga ambalo halikuwa na hata wingu. "Zitakuambia zenyewe. Wewe ziweke penye moshi."

Nyumba yangu Dar inapikia gesi. Nimezitundika karibu na dirisha la jirani anayechoma mahindi.