Mtoto Anapokwama Mbele za Watu

Msimu wa mashindano ya kuhifadhi Qur'ani unapokaribia, wazazi wa Voi na vijiji vya jirani hutuletea swali lile lile: mbona mtoto asomapo nyumbani hakosei, na akisimama mbele za watu hukwama? Wengine, tena si wachache, huja wameshakata hukumu: ni hasadi, au ni uvivu. Hatukatai kwamba jicho ni haki, na watoto wavivu wapo. Lakini katika wale tuliowasikiliza, aghalabu sababu ilikuwa karibu zaidi, nayo ni namna walivyokuwa wakidurusu.

Mtazameni mtoto nyumbani. Huketi pale pale kila siku, msahafu mbele yake, akaanza mwanzo wa sura hadi mwisho, jicho likichungulia penye shaka. Mashindanoni hakimu husoma kipande cha aya kutoka katikati ya juzuu, kisha humwambia aendelee. Na ikiwa aya ile inafanana na nyingine, kama zilivyo nyingi katika kisa cha Nabii Musa ndani ya Al-Aaraf, Taha na Ash-Shuaraa, ulimi huhama sura bila mwenyewe kujua. Sisi watu wa Voi twalielewa hilo: reli hapa hugawanyika, moja ikaenda Nairobi na nyingine Taveta, na mwanzoni zote mbili zaonekana njia moja.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi wayasome. Baadhi waliyasoma tena. Wengine waliyaweka kando wakaandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Walimu wetu wa zamani walilijua hilo kwa vitendo: walifuta ubao, wakamwambia mtoto asome.

Basi mama na auchukue msahafu yeye, aufungue popote, asome nusu ya aya na kumwachia mtoto. Si lazima awe hafidhi. Yatosha aweze kufuatisha kwa kidole. Leo mtoto asome amesimama, kesho barazani huku malori ya barabara kuu yakinguruma, keshokutwa mbele ya mashangazi na majirani. Binti aliyezoea kusomea chumbani na ashikishwe kipaza sauti kabla ya siku yenyewe, kwani sauti yako ikikurudia kutoka ukutani hutisha kuliko watu.

Kumkesheza mtoto usiku wa kuamkia mashindano hatukuafiki. Ericsson na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, waliwachunguza wapiga fidla wa Berlin (fidla zao hatuna haja nazo, ila funzo tunalitaka) wakakuta waliobobea hufanya mazoezi mengi kwa vipindi vyenye mapumziko, na hulala zaidi, hata mchana.

Wazazi hupenda kumwambia mtoto, "Tulia, usiogope." Moyo unaodunda hautii amri. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba waliojiambia wana hamu kabla ya kuimba mbele ya mtu waliimba kwa usahihi kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Mwambieni mtoto kwamba mwili wake unajiandaa. Kisha asome dua ya Nabii Musa iliyomo katika Sura Taha, alipomwomba Mola amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi. Naye alikuwa akienda kwa Firauni, si kwa mahakimu watatu.

Limebaki jambo la kengele. Hakimu akiigonga, watoto wengi huendelea kuliwaza kosa la kwanza hadi wakaangukia la pili. Nyumbani gongeni kijiko kwenye gilasi. Mtoto afunge mdomo, avute pumzi, arudi mwanzo wa aya, asome upya. Akizoea kijiko, kengele haitamtoa mahali pake.