Nywele haziugui, dawa ni ya nini?

Siku ya tatu baada ya kunyoa, mama mmoja muuza mboga katika soko la Kakamega aliliacha fungu la mrenda alilokuwa akilifunga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia kwa sauti ya chini: "Pole sana, mwalimu. Ni nani ametutoka?" Niliduwaa. Kwetu hakuna aliyefariki. Lakini katika sehemu hii ya Magharibi, ambako jamaa za marehemu hunyolewa baada ya mazishi, mwanamke mzima mwenye kichwa kilichonyolewa huhesabiwa kuwa mfiwa. Nilipomweleza kwamba nimeziondoa tu nywele zilizotiwa dawa ili ziote zangu, alinitazama kwa huruma iliyoishinda ile ya kwanza.

Ni huruma hiyo ya pili iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi hufundisha isimu, na ada ya wanaisimu ni kuyatazama maneno kabla ya kuyatazama mambo. Mwanamke akienda saluni kuzinyoosha nywele kwa kemikali, twasema amekwenda "kutia dawa". Dawa, katika Kiswahili nikijuacho, ni kitu cha kuondolea maradhi au uchafu: dawa ya homa, dawa ya minyoo, dawa ya kuua mende. Je, msomaji mpendwa, nywele zina maradhi gani? Zile zinazojisokota tunaziita "ngumu" au "za kipilipili". Zile zilizolala na kuteleza tumezitengea neno la "singa". Neno hilo, kwa umbo, ni sawa na kitenzi "kusinga", yaani kujipaka manukato mwilini. Sidai kwamba asili yake ni moja, ila sikio husikia harufu nzuri katika neno moja na ukali wa pilipili katika jingine.

Haikuwa hivyo tangu jadi. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alimhimiza azifunge nywele zake na kutunga asumini. Neno lake la Kiamu ni "nyee" tu, bila sifa ya ugumu wala ulaini. Nao wasusi wa pwani wana mitindo yenye majina ya ucheshi, kama "twende kilioni", isiyohitaji kemikali yoyote.

Kizazi changu kiliikosa elimu hiyo kwa njia ya ajabu. Shuleni tulinyolewa. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, ambacho nilikimaliza mwaka 1998, nywele zangu hazikupata kuzidi urefu wa ukucha. Wiki moja baada ya mtihani wa mwisho nilikuwa nimeketi saluni, dawa ikiniwasha utosini, naye msusi akinisihi nivumilie kidogo ipate kushika. Nilitoka na kidonda nyuma ya sikio na furaha isiyo kifani. Tulitoka kwenye wembe tukaingia kwenye dawa, na hapo katikati haikuwapo hata siku moja ya kujua nywele zetu wenyewe zinataka nini. Walimu wenzangu, hayo ndiyo tunayowafanyia mabinti hata leo katika shule nyingi.

Dawa zilizo kali zaidi hutengenezwa kwa haidroksidi ya sodiamu, kitu kile kile kinachotumiwa kutengenezea sabuni ya kufulia. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo hushikamanishwa kwa vifungo vya salfa. Haidroksidi huvivunja vifungo hivyo, unywele ukalegea na kunyooka, wala haurudi tena hali yake. Ndiyo maana sehemu iliyotiwa dawa haiponi kwa mafuta wala kwa sala. Ni ya kukatwa. Nywele mpya huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na pale mpya zinapokutana na za zamani ndipo zinapokatika. Wako wanaongoja mwaka mzima wakipunguza ncha kidogo kidogo. Mimi sikujaliwa subira hiyo. Niliketi kwa kinyozi wa wanaume nikamwomba apitishe mashine.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya ujinga mtupu. Nina shahada ya uzamifu na miaka arobaini na kitu, lakini sikujua kuchana nywele! Nilizichana zikiwa kavu, kuanzia utosini, kwa kitana chembamba nilichokizoea, hadi machozi yakanitoka. Aliyenifunza ni shangazi yangu kijijini: zilowanishe kwanza, zipake mafuta, tumia chanuo la meno mapana, anza nchani ukielekea kwenye shina. Baadaye nilielewa sababu. Mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini ni vigumu kufika nchani mwa ule uliojisokota. Tena kila kona ya msokoto ni mahali pa kukatikia. Kumbe nywele tuziitazo ngumu ndizo zinazotaka kushikwa kwa upole zaidi.

La kunifariji lilikuwa mvua. Akaaye Kakamega anajua kwamba jua likipinduka, aghalabu mvua nayo hushuka. Kwa karibu miaka ishirini nilikimbia alasiri nikiwa nimejivika mfuko wa plastiki kichwani, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2017, nikahamia kwenye magazeti, hili mkiniwia radhi likiwa mojawapo. Sasa hutembea polepole.

Kuna la afya pia. Mwezi wa Oktoba 2022, watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya mazingira nchini Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia kamwe dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kwamba 1.64 kati ya kila 100 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia uchunguzi, ni 4.05. Huo si uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo, na wengi wa wanawake hao walikuwa Wazungu. Hata hivyo si jambo la kupuuzwa na watu wanaoanza kutia dawa wakiwa na miaka kumi na minane.

Simlaumu anayetia. Dada yangu hutia, na hupendeza. Wala sitaki kamati za kupima vichwa vya wanawake, mfano wa vijana wa TANU walioazimia mwaka 1968 kupiga marufuku mawigi, sketi fupi na krimu za kujichubua nchini Tanzania. Ninachokidai ni kidogo: anayeziacha kama zilivyoota asihesabiwe kuwa mchafu.

Kwani mwezi uliopita alinijia mwanafunzi wangu wa ualimu, amevimba macho. Katika shule aliyopelekwa kwa mazoezi ya kufundisha, naibu mkuu alimwambia mbele ya walimu wengine "akatengeneze nywele" ndipo aingie darasani. Nywele zake zilikuwa zimeoshwa, zimechanwa na kufungwa kisogoni. Aliniuliza kama Mahakama Kuu haikuamua Septemba 2019 kwamba msichana mwenye rasta arudishwe shuleni jijini Nairobi. Iliamua, nikamjibu, lakini hukumu ile ilisimama juu ya uhuru wa dini, nawe huna dini ya nywele.

Muhula ujao ni zamu yangu kwenda kumkagua. Nimemwambia asizikate wala asizitie dawa, na kwamba aombe aonyeshwe, kwa maandishi, kanuni inayoeleza maana ya "nadhifu". Mimi nitakuwa nyuma ya darasa, na kichwa changu hiki.