Monterrey, Mji wa Viwanda Katika Nchi Kavu

Kaskazini mwa Meksiko, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka mpaka wa Marekani, uko mji uitwao Monterrey, makao makuu ya jimbo la Nuevo León. Umezungukwa na milima ya mawe, na mmoja wa milima hiyo huitwa Mlima wa Tandiko, kwa kuwa ukiutazama kwa mbali wafanana na tandiko la farasi. Mvua ni haba, bahari iko mbali, na chuma hakichimbwi hapo. Basi msomaji ataweza kuuliza: mji wa namna hii ulipataje kuwa mmojawapo wa miji mikubwa ya viwanda katika Meksiko?

Ulianzishwa na Diego de Montemayor tarehe 20 Septemba, 1596, pamoja na jamaa chache za walowezi wa Kihispania. Wakati huo huo Wareno walikuwa wakijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na kazi zote mbili zilifanyika chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja. Wenyeji wa asili wa nchi ile hawakuulizwa shauri. Wengi walikamatwa wakalazimishwa kufanya kazi. Kwa muda wa karibu miaka 300 Monterrey ulikuwa mji mdogo wa wafugaji na wachuuzi.

Mabadiliko yaliletwa na reli, iliyofika kutoka mpakani mwaka 1882. Serikali ya jimbo nayo iliwasamehe kodi wenye kuanzisha viwanda, na matajiri wa biashara wakatoa fedha zao. Mwaka 1890 kilifunguliwa kiwanda cha bia kiitwacho Cuauhtémoc, na hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa sana. Bia yataka chupa. Basi mwaka 1909 kikaanzishwa kiwanda cha kioo. Chupa yataka kifuniko na sanduku. Hayo pia yakatengenezwa mjini. Vifuniko navyo vyataka bati, na vita kuu ya pili ilipozuia bati la kigeni, wenye bia walijenga kiwanda chao cha chuma, kiitwacho Hylsa. Hivyo kiwanda kimoja kilizaa kingine, kama mgomba utoavyo machipukizi.

Hata hivyo, kazi ya chuma ilikuwapo mjini kabla ya hapo. Kampuni ya Fundidora iliundwa mwaka 1900, na tanuri lake kubwa likawashwa mwaka 1903. Mawe ya chuma yaliletwa kwa gari moshi kutoka Durango, na makaa ya mawe kutoka Coahuila. Reli na nguzo za majengo mengi ya Meksiko zilitoka hapo. Mwaka 1943 matajiri hao, wakiongozwa na Eugenio Garza Sada, walianzisha chuo cha ufundi ambacho leo ni chuo kikuu mashuhuri.

Lakini mwaka 1986 Fundidora ilifilisika, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi kwa mara moja. Mahali pale pamekuwa bustani ya watu wote, na tanuri la tatu limegeuzwa jumba la makumbusho. Ni pahali pazuri, ingawa bustani haiajiri watu wengi kama tanuri.

Taabu ya mji huu tangu zamani ni maji. Mto Santa Catarina huwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, kisha hufurika ghafula. Mafuriko ya mwaka 1909 yaliua maelfu ya watu. Kwa hesabu ya mwaka 2020, Monterrey na vitongoji vyake ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Mwaka 2022 mvua ilikosekana, bwawa la Cerro Prieto likakaribia kukauka, na mifereji ya nyumbani ikafunguliwa tangu saa kumi za alfajiri hadi saa nne za asubuhi tu. Mitaa mingine haikupata hata hayo, watu wakapanga foleni na ndoo zao kungojea magari ya maji. Wengi waliuliza kwa uchungu kwa nini viwanda vyenye visima vyao viliendelea kuchota. Serikali ilisihi, na baadhi ya kampuni zikakubali kuachia sehemu ya maji yao. Mnamo Juni, 2024, dhoruba iitwayo Alberto ilileta mvua kubwa, na bwawa la Cerro Prieto likapata maji tena.