Vazi la Safari ya Pikipiki: Kinga ya Lami, Mvua na Baridi

Pikipiki sasa ni chombo cha nyumba nyingi za Pwani. Wapo vijana wetu wanaotoka Mombasa kwenda Malindi kila wiki kwa biashara, wapo wanaoendelea hadi Mokowe ili wavuke kwenda Lamu, na wapo wanaoshika njia ya Nairobi alfajiri wakitaraji kufika kabla ya Magharibi. Familia hujinyima miezi mingi mpaka fedha za pikipiki zitimie. Zinapotimia, mara nyingi nguo za kuipandia hazimo katika hesabu. Mtoto wa watu huondoka na shati, kandambili na koti la mvua la plastiki.

Imepokewa na Tirmidhi kuwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kwa anayesafiri mbali kwa pikipiki, vazi madhubuti ni katika hiyo kamba ya ngamia. Kwa hiyo tunaona kwamba gharama ya vazi ihesabiwe kuwa ni sehemu ya bei ya pikipiki yenyewe. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi mama ndiye anayeshika mfuko na kujua kuchagua kitambaa, tumeona makala haya yamfikie yeye kwanza.

Njia moja, hewa tatu

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Msafiri huondoka usawa wa bahari, katika joto ambalo mwezi wa Februari na Machi huzidi nyuzi 30. Akipita Mariakani na Mackinnon Road huingia nyika kavu yenye vumbi na upepo wa ubavuni. Kisha njia hupanda hadi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Julai baridi huuma.

Upepo huizidisha baridi hiyo. Hewa ya nyuzi 10, ikimpiga mtu anayekwenda kilomita 80 kwa saa, mwili huihisi kama nyuzi 4. Akiwa amelowa, hali huwa mbaya zaidi, kwani maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa kavu. Vidole hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi huchelewa kushika breki. Basi kulowa si usumbufu tu. Ni mwanzo wa ajali.

Kitambaa cha kuhimili lami

Jambo la kwanza la kuuliza juu ya jaketi au suruali ya pikipiki ni hili: mwenye kuivaa akianguka na kuburuzika, itahimili? Shati la pamba na suruali ya kawaida ya jinzi huchanika upesi mno, kisha inayosuguliwa na lami ni ngozi ya mtu.

Vitambaa vinavyohimili ni vya aina mbili kuu. Ya kwanza ni ngozi nene ya ng'ombe, isiyopungua milimita 1.2. Huhimili msuguano vyema sana, lakini ni nzito, hunywa maji, na katika unyevunyevu wa Pwani huota ukungu isipotunzwa. Ya pili ni nailoni nzito iliyofumwa kwa ajili hii, kama ile iitwayo Cordura. Unene wa uzi wake hupimwa kwa kipimo cha denia, nacho ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa safari ndefu, tafuta denia 500 au zaidi, hasa mabegani, viwikoni na magotini. Kwa mtu wa Pwani, nailoni hii ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa hukauka upesi na hufulika.

Tazama pia ndani. Jaketi la kweli lina vikinga vya sponji ngumu mabegani na viwikoni, na suruali ina vya magoti na nyonga. Mgongoni, majaketi mengi huja na kipande chepesi cha sponji kisicho kinga, kibadilishwe. Mavazi yaliyopimwa kwa kanuni za Ulaya huwa na lebo yenye alama EN 17092 na daraja lake: AAA ndilo la juu, kisha AA, kisha A. Ishike mishono kwa vidole. Iwe ya safu mbili au tatu, hasa mikononi na makalioni.

Maji huingia wapi

Koti la plastiki huzuia mvua, lakini pia hufungia jasho ndani, na baada ya saa moja mvaaji huwa amelowa kutoka ndani. Ndiyo maana ukabuniwa utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyopitisha mvuke wa jasho na kuzuia tone la maji. Unaojulikana zaidi, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore huko Marekani mwaka 1969.

Utando huo huwekwa kwa njia mbili. Ukigandishwa moja kwa moja na kitambaa cha nje, maji huteleza juu na jaketi halizidi uzito. Ni bora, na ni ghali. Ukiwekwa kama bitana ndani, kitambaa cha nje hunywa maji, jaketi likawa zito na baridi, japo mwili hubaki mkavu. Kuna njia ya tatu inayoifaa mifuko yetu: jaketi la kawaida lenye vikinga, na juu yake suti nyepesi ya mvua ya vipande viwili, koti na suruali, inayokunjwa na kuwekwa chini ya kiti. Iwe kubwa kidogo, ivaliwe kabla ya mvua kushika.

Aina yoyote uchaguayo, kagua sehemu tatu. Mishono iwe imebandikwa ukanda kwa ndani. Zipu iwe na kifuniko cha kitambaa juu yake. Na makalio yawe ya kipande kimoja kisicho na mshono, kwani uzito wa mtu aliyekaa hukamua maji yapite hapo kwanza. Ukifika nyumbani, mvishe mwenyewe na umwagilie kwa mpira wa maji dakika kumi. Heri aibu ya uani kuliko majuto ya Mtito Andei.

Helmeti, glavu na buti

Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga. Helmeti ya safari ndefu iwe ya kufunika uso mzima, yenye alama ya ubora kama ECE 22.06, na imbane kichwa bila kuumiza. Usinunue helmeti ya mtumba: iliyokwisha kuanguka huwa imevunjika sponji ya ndani bila ya nje kuonyesha kitu.

Glavu ziwe na ukanda wa kufunga kiganjani, kwa sababu aangukaye hutanguliza mikono. Kwa glavu na buti, Muislamu ana la kuongeza: baadhi yake hutiwa bitana ya ngozi ya nguruwe. Soma lebo, na utazame ngozi yenyewe. Ya nguruwe huonyesha vitundu vya nywele vilivyokaa vitatu vitatu. Ukiwa na shaka, acha.

Buti lifunike kifundo cha mguu na liwe na soli isiyoteleza. Hapa ipo neema ambayo wasafiri wengi hawaitumii. Buti safi, lenye kufunika mguu wote pamoja na vifundo, lisilopenya maji na lililovaliwa mtu akiwa na udhu, huingia katika hukumu ya khofu. Msafiri wa safari halali huruhusiwa kupaka maji juu yake anapotawadha kwa siku tatu na nyusiku zake, badala ya kulivua na kuosha miguu. Ufafanuzi zaidi aulizwe shekhe wa mtaa.

Dada zetu juu ya pikipiki

Buibui, leso na mtandio mrefu vina hatari ya kunaswa na gurudumu au mnyororo, na kitambaa kikinaswa humvuta aliyekivaa. Kwa safari ndefu, dada avae suruali pana ya safari na jaketi refu la kufika mapajani lisilobana. Stara hupatikana bila pindo kupepea. Akivaa buibui, liwe fupi, alikusanye na kulikalia. Kukaa upande, kama wengi tulivyozoea, humfanya abiria akose kushika vyema. Kutanua miguu huku miguu yote miwili ikikanyaga vyuma vyake ndiko salama. Ndani ya helmeti, ushungi uwe wa kitambaa chepesi cha kuvuta. Pini ziachwe nyumbani, kwa kuwa helmeti ikibanwa huzikandamiza kichwani.

Kununua na kutunza

Fedha zikiwa haba, nunueni kwa mpango: helmeti kwanza, kisha glavu, jaketi, buti na suruali. Jaketi la mtumba si vibaya. Katika masoko kama Kongowea hupatikana mazuri kwa mwenye subira, ila vikinga viwe kamili na mishono isiwe imelegea. Mwenye kuvaa alijaribu akiwa amekaa kama anayeendesha. Mikono isipande juu ya viganja, na kikinga cha goti kibaki juu ya goti. Anayeogopa joto atafute lenye matundu ya zipu kifuani na mgongoni, si kuvua.

Chumvi ya bahari hula zipu za chuma, kwa hiyo futeni jaketi kwa maji baridi kila safari, mlianike kivulini, na zipu mzipake nta. Msitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani huziba vitundu vya utando. Ngozi ipakwe mafuta yake na isifungiwe kabatini ikiwa na unyevu.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Basi kabla pikipiki nyingine haijaingia katika nyumba zetu, tukae, tuhesabu, na tumuulize mwanetu atavaa nini njiani. Kama jibu ni shati na kandambili, pikipiki ingoje mwezi mmoja zaidi. Mola awahifadhi wasafiri wetu wote, awafikishe salama na kuwarejesha salama. Wabillahi tawfiq.