Mkulima wa Kehancha na hesabu ya saa asizolipwa

USHAURI mwingi kuhusu matumizi bora ya wakati huandikiwa mwajiriwa wa ofisini: apange shajara, afupishe mikutano, asiweke kiporo kazi ya leo. Mkulima wa Kehancha, katika Kaunti ya Migori, hana bosi wala mkutano. Huamka alfajiri na kurejea giza likiingia. Hata hivyo, msimu ukiisha, huenda asione tija ya jasho lake. Huyo hawezi kuitwa mvivu. Tatizo ni kwamba hajui saa zake zimekwenda wapi.

Kwa miongo mingi, tumbaku imekuwa zao muhimu la biashara katika eneo la Kuria. Kampuni humkopesha mkulima mbegu, mbolea na dawa, kisha hukata deni lake wakati wa mauzo. Kinachosalia ndicho huitwa faida. Kazi ya mkulima, mkewe na wanawe haiandikwi popote.

Na kazi hiyo si haba. Miche hutunzwa kitaluni kwa takriban miezi miwili kabla ya kupandikizwa. Shambani hupaliliwa, hukatwa maua, na kuondolewa machipukizi ambayo huibuka tena na tena. Majani nayo hayaivi kwa pamoja. Huchumwa machache machache kuanzia chini, awamu baada ya awamu. Kila awamu hukaushwa bandani kwa moto wa kuni, unaochochewa mchana na usiku kwa karibu wiki nzima. Moto ukizidi au ukififia, majani huharibika na bei hushuka. Hatimaye huchambuliwa kwa rangi na ubora, moja baada ya jingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 3 wa familia moja wanafanya kazi saa 5 kwa siku, kwa siku 200. Hizo ni saa 3,000. Ikiwa baada ya makato wamebakiwa na Sh60,000, basi kila saa imewaletea Sh20 pekee. Kuni walizokata wenyewe hazimo katika hesabu hiyo, wala siku ambazo mtoto alikosa shule.

Daftari la Sh50 linatosha kuanika jambo hili. Kila jioni andika kazi iliyofanywa, idadi ya waliofanya na saa walizotumia. Msimu ukiisha, gawanya pesa zilizobaki kwa saa hizo, zao kwa zao.

Daftari hilo litafichua jambo la pili, nalo pengine ni zito kuliko la kwanza: saa hazina thamani sawa. Mahindi yanahitaji palizi mapema, yakingali machanga, maana magugu yakishayatangulia, palizi ya baadaye haiwezi kurudisha mavuno yaliyopotea. Maharagwe hupaliliwa kabla ya kuchanua. Ukiingia shambani baadaye, utapukutisha maua. Kwa hivyo mwenye mikono michache hana budi kuuliza kazi ipi haiwezi kungoja, na kuipa saa za asubuhi kabla jua halijawa kali. Kurekebisha ua au kupukuchua mahindi kunaweza kusubiri alasiri.

Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani, kwa ushirikiano na serikali, yalianzisha Migori mradi wa kuwawezesha wakulima kuacha tumbaku na kukuza maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Maharagwe hukomaa kwa takriban miezi mitatu na hayahitaji mtu wa kukesha bandani.

Lakini tumbaku ilikuwa na mnunuzi aliyejulikana tangu siku ya kupanda, na ndiyo sababu wengi waliivumilia. Anayetaka kubadilisha zao atenge kwanza siku kadhaa za kutafuta soko, kabla ya kushika jembe, na siku hizo pia aziandike katika daftari lake.