Kitengela: Mbona Kuna Wenye Shamba Wanakataa Doo ya Ploti Ndio Nyumbu Wapite?

Kama umewahi kubebwa na basi ya kampuni ya ploti Jumamosi asubuhi kwenda kuona shamba Kitengela, unajua vile form huwa. Mnapakiwa tao, mnapewa soda na mkate, halafu jamaa wa suti inayombana anawahubiria kuhusu kuomoka hadi mpite Mlolongo. Mkifika mnaonyeshwa nyasi, vumbi na vijiwe vinne vimepakwa rangi nyekundu. Hiyo ndio hamsini kwa mia yako.

Mathe yangu alienda na chama yake, wamama kumi na mmoja. Walikuwa wameambiwa ni dakika kumi kutoka lami. Labda dakika kumi na ndege. Kwa bikoni ya pili wakapata punda milia amesimama anakula nyasi kama ameshalipa deposit. Mathe akapiga picha, akaituma kwa grupu ya familia: "Jirani mpya." Tulicheka siku mzima. Lakini mmoja wa hao wamama aliuliza swali la maana: hawa wanyama wataenda wapi watu wakianza kujenga? Broka akamjibu, "Hao huhama tu wenyewe, mathe."

Hilo jibu ni uongo. Na ukishajua mbona ni uongo, utaelewa mbona kuna familia za Kimasai huko Kite na Isinya ambazo kwa zaidi ya miaka ishirini zimekuwa zikikataa kukatakata mashamba yao, hata broka akija na doo mkononi.

Tuanze na ramani. Nairobi National Park ilianzishwa 1946, na ndio mbuga ya kitaifa ya kwanza Kenya. Ni kilomita mraba 117 tu. Hiyo ni kitu kidogo sana buda. Maasai Mara peke yake inaimeza zaidi ya mara kumi. Upande wa tao, upande wa Mombasa Road na upande wa Lang'ata kuna fensi. Upande wa kusini hakuna. Kuna mto tu, Mbagathi, ambao wenyeji huita Empakasi, na ng'ambo ya mto ni Kajiado: Kitengela, Isinya, hadi nyanda za Kapiti. Hiyo nyanda yote ni karibu kilomita mraba 2,200.

Sasa, wasee wengi hufikiria wanyama wanaishi park na huko nje wanatoka tu kutembea. Iko vingine. Mvua ikinyesha, nyasi ya park inakuwa ndefu na ngumu. Nyumbu anataka nyasi fupi, laini, yenye madini, mahali anaweza kuona simba akiwa mbali, na hapo ndio anazalia. Hiyo nyasi iko huku kusini. Kiangazi kikikaza na maji yaishe huku nje, wanarudi park kwa sababu kuna mabwawa na mto. Kwa hivyo park ni kama keja ya kiangazi, na Kitengela ndio ushago wao. Ukifunga hiyo njia, punda milia wa mathe hahami kwenda kwingine, kwa sababu hakuna kwingine. Kaskazini ni South C.

Na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Park imelindwa na sheria, lakini hiyo nyasi ya kusini si ya serikali. Ni mashamba ya watu, yenye hati. Zamani ilikuwa ardhi ya jamii. Mwaka wa 1968 kukaja sheria ya group ranch, Wamasai wakaandikishwa kwa makundi, kila kundi na shamba lake kubwa. Kufikia miaka ya 1980 makundi mengi yalikuwa yanavunjwa, na Kitengela ilikuwa kati ya zile za kwanza kugawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake. Ukishakuwa na kipande na hati, unaweza kuuza. Wanunuzi hawakuwa mbali.

Mwaka wa 1990 serikali ikaanzisha mpango wa EPZ, viwanda vikaja Athi River, na maelfu ya wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Pa karibu palikuwa Kite. Halafu kodi ya Nairobi ikapanda, barabara ya Namanga ikatengenezwa, kila mtu akataka kutoka kwa landlord. Sensa ya 2009 ilipata watu 687,312 kaunti mzima ya Kajiado. Ile ya 2019 ikapata 1,117,840. Ukikaa Kite hata huhitaji sensa, kaa tu kwa jam ya jioni ukitoka Athi River uhesabu magari.

Wanyama wameenda upande ule mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hesabu ya kutoka angani ilikuwa inapata nyumbu zaidi ya 25,000 kwa hizi nyanda. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Watafiti waliochambua hizo hesabu hawakusema ni ukame tu. Walitaja fensi, nyumba, barabara, machimbo na ujangili. Nyumbu hakuuawa wote na mtu mmoja. Alifungiwa njia ploti moja baada ya nyingine, na kila mwenye ploti akiulizwa atakuambia yake ni eighth tu, haiwezi kuwa ndio shida. Na kusema ukweli hadanganyi.

Sasa tuingie kwa wale waliokataa.

Mwaka wa 2000 kulianza mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyama. Form ilikuwa simple: mwenye shamba anabaki na hati yake na ng'ombe zake, lakini anakubali kutoweka fensi, kutolima, kutogawanya na kuuza, na kutoua wanyama. Halafu analipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka. Malipo yalipangwa yaje wakati shule zinafunguliwa, kwa sababu hapo ndipo mzazi akikosa fees hukimbilia broka. Hiyo ni akili. Mtu aliyepanga hivyo alikuwa anajua mashamba huuzwa mwezi gani.

Wenye mashamba pia wakaenda mbele wakasukuma mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, wa kusema hapa ni mji, hapa ni mifugo na wanyama, usije na hamsini kwa mia upande huu. Wafugaji wenyewe walikuwa kwa hiyo meza na serikali ya mtaa ya wakati huo. Lakini mpango wa karatasi na broka mwenye pikipiki, wewe unadhani nani hufika boma kwanza?

Pia kumbuka 2020. KWS ilitoa rasimu ya mpango wa park wa 2020 hadi 2030, na ndani yake kulikuwa na wazo la kuweka fensi upande wa kusini na kujenga hoteli ndani ya park. Wenye mashamba wengi na watu wa mazingira wakaruka. Wengine walishangaa: si nyinyi ndio mnalia simba anakula ng'ombe, mbona mkatae fensi? Lakini fikiria vile wao wanaona. Miaka ishirini umeacha shamba wazi nyumbu apite, umekosa pesa ya ploti, halafu mwenye park anafunga mlango kutoka ndani. Ulikuwa unamwachia nani njia?

Si ati maisha na wanyama ni picnic. Nyumbu akizaa, ndama wake hubeba ugonjwa unaomaliza ng'ombe, kwa hivyo mfugaji lazima ahamishe mifugo mbali na nyasi yake mwenyewe. Juni 2012 simba waliingia boma huko Kitengela, na kabla KWS waweze kutuliza watu, simba sita walikuwa wameuawa, watoto wakiwemo. Machi 2016 simba mmoja maarufu, Mohawk, alitoka park akafika Isinya, akazingirwa na umati, akajeruhi mtu, na askari wa KWS wakampiga risasi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema ukiuliwa mifugo utafidiwa. Muulize mfugaji yeyote hiyo fidia huja baada ya muda gani, lakini usimuulize akiwa na rungu.

Ndio maana napenda stori ya Richard Turere. Kijana wa huko huko Kitengela, boma lao liko karibu na park, akagundua simba huogopa taa inayosonga. Akiwa bado mtoto akaunganisha betri, sola na taa za kuwaka na kuzima kuzunguka zizi, simba wakakaa mbali. Mwaka wa 2013 alikuwa kwa jukwaa la TED Marekani akieleza dunia. Mtoto alipata jibu kabla ya kamati.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu kuna watu wa mtandao huandika hii stori kama vita ya malaika na madevu. Wale wanaouza si wajinga na si wasaliti. Ukame wa 2009 ulimaliza ng'ombe Kajiado hadi mizoga ikajaa kando ya barabara. Mtu amebaki na ng'ombe watatu, ana mgonjwa hospitali, na kuna msee amesimama langoni na laki kadhaa kwa kila eighth. Ekari moja ni eighth nane, piga hesabu. Halafu uweke hiyo hesabu kando ya dola 4 kwa mwaka. Hapo kwa maoni yangu ndipo hii vita inapotezwa. Nairobi mzima inajivunia picha ya twiga na maghorofa nyuma, watalii wanalipa, hoteli zinauza hiyo picha, lakini bili ya hiyo nyasi anatumiwa mzee mmoja huko Olooloitikosh, na anaambiwa avumilie.

Kama unataka kupinga mjengo, kuna njia. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda korti hata kama si wewe umeumia moja kwa moja. Mjengo mkubwa lazima upate leseni ya NEMA, na kabla ya leseni lazima watu wa eneo wasikizwe. Zile notisi ndogo ndogo za gazeti ambazo hakuna mtu husoma, hapo ndipo hutangazwa. Ukikataa uamuzi wa NEMA kuna jopo la rufaa la mazingira, na kuna Korti ya Mazingira na Ardhi. Sheria ya mipango ya 2019 pia inasema lazima kaunti ikubali kabla shamba la malisho ligeuzwe kuwa mtaa wa nyumba.

Na imewahi kufanya kazi. Wangari Maathai alisimamisha ghorofa 60 zisijengwe Uhuru Park kuanzia 1989, na Januari 1999 alipigwa hadi akatoka damu akipanda miti Karura, msitu uliokuwa umegawiwa wajenzi. Leo wewe unaenda date Karura. Lakini pia usidanganywe ni mchezo. Julai 2021 Joannah Stutchbury, aliyekuwa anatetea msitu wa Kiambu, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake.

Kwa wewe unayetaka tu ka-ploti na amani, sikiza. Usinunue kwa picha. Fanya search kwa ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, si kwa karatasi umeletewa na broka. Uliza ofisi ya mipango ya kaunti hilo eneo limepangiwa nini. Shamba la kilimo au malisho likiuzwa bila idhini ya bodi ya ardhi, hayo mauzo ni bure mbele ya sheria. Angalia maji pia. Aprili na Mei 2024 mto Athi ulipofurika, kuna watu wa Kitengela na Athi River waliokolewa kwa boti, na wengi wao walikuwa wamenunua kiangazi. Na ukidhani ukishajenga umeshinda, kumbuka Oktoba 2023, hapo tu Athi River, kwa shamba la Portland Cement. Korti ilisema shamba ni la kampuni, na tingatinga zikabomoa maghorofa, si mabati peke yake.

Chama ya mathe? Walilipa deposit. Hati hadi leo "inaprosesiwa". Mwezi uliopita wamama watatu walipanda matatu hadi Kajiado mjini kuuliza wenyewe, na wakaambiwa shamba lile kwa rekodi bado ni moja, halijagawanywa, jina ni la mzee ambaye hakuna mmoja wao amewahi kumwona. Broka hashiki simu. Wamama sita wanataka kumalizia malipo wakisema wameshaingia sana, watano wanataka refund. Mathe ako kwa wale watano. Ile picha ya punda milia bado ndio profile yake.