Umri wa Mzee wa Mulot

Katika kitambulisho cha mzee aliyezaliwa mwaka wa nzige, aghalabu utaikuta tarehe ya Januari 1, 1931, kwa kuwa karani asipoipata siku ya kuzaliwa hujiandikia siku ya kwanza ya mwaka. Lakini mzee mwenyewe ukimwuliza umri atakutajia rika lake, kwamba yeye ni wa Chumo, na Mkipsigis yeyote aliye karibu atajua papo hapo namna ya kumwamkia.

Tumtwae basi mzee wa namna hiyo, ambaye wako wengi mfano wake, tuyatazame mambo makuu ya zama zake jinsi yalivyofika mlangoni pake. Mwaka 1934, angali akibebwa mgongoni, serikali ya kikoloni iliung'oa ukoo wa Talai, ambao Wakipsigis waliuendea kwa shauri na utabiri, ikauhamishia Gwassi, nchi ya mbung'o karibu na Ziwa Viktoria. Vita vya Burma vikawachukua kaka zake katika Keya, jeshi la kikoloni, yeye akabaki na ng'ombe. Chai, ambayo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yaliipanda Kericho tangu miaka ya 1920, haikuja kwao Mulot, ambako ardhi ni kavu zaidi na huteremkia Narok. Ila kodi ya kichwa ilimpeleka yeye kwenye chai, akalala laini, yaani katika nyumba za vibarua, akachuma majani mawili na chipukizi lake toka alfajiri, mgongo ukilemewa na kikapu.

Uhuru wa 1963 ulimfikia kwa redio ya jirani. Furaha iliyomtoa nje ya nyumba, nathubutu kusema, ni ya 1964, Wilson Kiprugut wa Kericho alipotwaa shaba ya mita 800 huko Tokyo, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki; na kwa furaha kama hiyo mkewe huteremsha sotet, kile kibuyu asuguacho ndani kwa kijiti cha senetwet kilichoungua hata unga wa mkaa ukagandama, ndipo akatia maziwa na kuyaacha siku kadhaa yawe mursik.

Ama lile la Gwassi halikuisha. Agosti 2022 Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, mzee wetu akiwa na miaka tisini na mmoja. Wako waliohamishwa wakiwa wachanga ambao wangali wanaweza kusema. Naomba wasikilizwe kabla hawajazikwa.